Babe Ruth kwenye Kiti cha Nyuma: Tathmini ya Diski ya Speedy

Nianze na hukumu yangu. Kama unapenda michezo na hujawahi kukaa ukatazama sinema bubu mpaka mwisho, anza na diski ya Blu-ray ya Speedy iliyotolewa na kampuni ya Criterion mwaka 2015. Sisemi kwamba hii ndiyo filamu bora ya mchekeshaji Harold Lloyd. Kwa mpangilio wa hadithi, The Kid Brother ya 1927 naiweka juu yake. Lakini ndani ya Speedy kuna dakika chache ambazo Babe Ruth, mpiga besiboli ambaye Marekani nzima ilimjua kwa sura wakati ule, anapanda teksi, anakaa kiti cha nyuma, na kuogopa. Nimetazama vichekesho vingi vya kimya vyenye wanamichezo mashuhuri ndani yake, na sijaona hata kimoja kilichomtumia mwanamichezo vizuri kama hiki.

Mimi ni kocha wa riadha, na filamu hizi nazitazama kwa jicho la kazi. Huyu uzito ameuweka mguu gani? Mabega yamelegea au yamekaza? Anajua mikono aiweke wapi? Sinema bubu inajibu maswali hayo vizuri kuliko filamu yoyote ya leo, kwa sababu hakuna maneno ya kumsitiri mtu. Mwili ukidanganya, unaonekana hapo hapo. Ndiyo maana wanamichezo wengi walioingizwa kwenye sinema za zama zile wanatia huruma: uwanjani ni wafalme, mbele ya kamera wanasimama kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Hadithi yenyewe ni fupi kueleza. Speedy ilitoka Aprili 1928, ikiongozwa na Ted Wilde, na ndiyo filamu ya mwisho ya Lloyd kabla ya kuingia kwenye sinema za sauti. Lloyd ni Harold Swift, kijana wa New York ambaye kila mtu anamwita Speedy. Hadumu kazini, maana akili yake yote iko kwenye besiboli, na hasa kwenye timu ya Yankees. Mchumba wake Jane anaishi na babu yake, Pop Dillon, mwendeshaji wa tramu ya mwisho mjini inayovutwa na farasi. Mabwana wa reli wanaitaka njia ya mzee huyo, na haki yake itapotea endapo tramu haitafanya safari walau mara moja kila baada ya saa 24. Vita ya kuitetea tramu ndiyo inayobeba mwisho wa filamu, na ni vurugu tamu kweli. Lakini mimi sikuinunua diski hii kwa ajili ya farasi.

Tazama jinsi filamu inavyomwandaa mtazamaji kumpokea Ruth. Mwanzoni Speedy anafanya kazi kwenye duka la vinywaji baridi. Matokeo ya mchezo yakiingia, anayapanga ndani ya kabati la kioo kwa vitafunio, ili wenzake wa jikoni wayasome kwa mbali: donati ni sifuri, na tarakimu nyingine anaziunda kwa vitafunio vya umbo jingine. Baadaye anatumwa kupeleka maua. Anapita mbele ya dirisha lenye ubao wa matokeo, anaganda pale, na mlango wa gari unayabana maua yale hadi yanabaki vijiti. Yankees bado hatujawaona hata kidogo, lakini tayari tunajua kwamba kwa kijana huyu mchezo huo ndio pumzi. Kwa hiyo Ruth anapotokea kwa sura na umbo lake halisi, ni kama mtu aliyekuwa akitajwa wakati wote wa chakula kaingia mlangoni.

Na anatokea namna hii. Speedy sasa ni dereva wa teksi, na siku inakwenda vibaya. Ruth yuko nje ya kituo cha kulelea yatima akigawa mipira kwa watoto, na amechelewa kufika Yankee Stadium. Anahitaji gari. Speedy anamchukua, na hapo ndipo kichekesho kinapoanza, kwa sababu dereva hawezi kuamini abiria aliyempata. Anaendesha huku kageuka nyuma. Anaongea, anasifia, anaigiza jinsi Ruth anavyopiga mpira, na kila akigeuka mbele ni kwa nukta moja tu, kisha anarudi kumwangalia shujaa wake. Magari yanakwepwa kwa upana wa kidole.

Sasa mwangalie Ruth. Lloyd unaweza kumwangalia mara ya pili. Ruth kwanza anatabasamu kwa adabu, kama mtu mashuhuri aliyezoea kusifiwa. Kisha macho yanaruka kutoka kwa dereva kwenda barabarani na kurudi. Halafu mwili mzima unajikaza: mgongo unasukumwa nyuma, mikono inatafuta cha kushika, na lile tabasamu linajaribu kubaki lakini halina tena mahali pa kukaa. Hachezi na kamera. Hata mara moja hajiangalii anavyoonekana. Wakifika uwanjani wakiwa wazima, kibao cha maandishi kinatuambia alichosema: siku akitaka kujiua, atamwita Speedy. Maneno hayo yanachekesha kwa sababu uso umeshayasema kabla ya kibao kutokea.

Nilipowaonyesha vijana ninaowafundisha kipande hicho, mmoja akaniambia, "Kocha, huyo haigizi, huyo anaogopa kweli." Nikamrudishia kwa mwendo wa polepole, akaona. Woga wa kweli haupangiki hivyo. Ruth anasubiri gari likwepe, anaachia pumzi, anaanza kulegea, na ndipo anapigwa na mshtuko wa pili. Ni wakati uliopimwa, na anayeweza kuupima ni mtu ambaye kazi yake yote ni kungoja. Mpiga besiboli anasimama na gongo lake, mpira unarushwa, na ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au aache. Akiwahi, amekosa. Akichelewa, amekosa. Mchekeshaji naye anaishi humo humo. Ninaamini kabisa kwamba Lloyd na Wilde walilijua hilo, kwa sababu hawakumpa Ruth kitu kingine chochote cha kufanya. Hawakumpa mapenzi wala machozi wala hotuba. Walimpa kiti, na dereva asiyeangalia mbele.

Na kuna jambo la ndani zaidi linalonivutia. Picha hizi zilipigwa New York mwaka 1927, mwaka ambao Ruth alivusha mpira nje ya uzio mara 60 katika msimu mmoja, rekodi iliyodumu hadi 1961. Hakuna mtu nchini mwake aliyekuwa na mamlaka kama yake mbele ya mpira unaokuja kwa kasi. Filamu inachukua mtu huyo na kumnyang'anya kitu kimoja tu: uamuzi. Kwenye teksi kasi ipo, hatari ipo, lakini anayeamua ni mwingine. Kichekesho chote kimejengwa juu ya hapo, bila kumdhalilisha hata kidogo. Anashuka kwenye gari akiwa bado Babe Ruth, na anamwalika dereva aingie kutazama mchezo. Ukiwa makini utamwona pia Lou Gehrig, mwenzake wa Yankees, akipita wanapofika uwanjani. Gehrig mwaka huo alipiga mipigo 47 ya aina hiyo na kutangazwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi yake, na hapa anapita tu.

Ruth hakuwa mgeni wa kamera. Mwaka 1920 aliigiza Headin' Home, akijicheza mwenyewe kama kijana wa kijijini anayechonga gongo lake kwa mti. Mwaka 1927 aliigiza Babe Comes Home, chini ya huyu huyu Ted Wilde: mchezaji mtafuna tumbaku anayependana na dada wa dobi, akaacha tumbaku kwa ajili yake, na uwezo wa kupiga mpira ukamtoka. Nakala za filamu hiyo ya pili zimepotea, na kwangu ni hasara kubwa, maana ingetuonyesha mwongozaji akijifunza cha kumfanyia Ruth. Headin' Home ipo na nimeitazama. Pale anapopiga mpira unasisimka. Pale anapotakiwa kuwa kijana mnyonge wa kijijini, unamwona anangoja zamu yake ya kufanya kitu. Tofauti na Speedy ni mbingu na ardhi.

Ili uone jambo hili halikuwa rahisi, linganisha na filamu fupi ya studio ya vichekesho ya Keystone ya mwaka 1913, Barney Oldfield's Race for a Life. Oldfield alikuwa dereva wa mbio aliyejulikana kote Marekani. Mwaka 1903, huko Indianapolis, alikuwa wa kwanza kumaliza maili moja kwa gari kwa dakika moja kamili kwenye njia ya mviringo, na mwaka 1910 kule Daytona alifikia kilomita zaidi ya 210 kwa saa akiendesha Benz. Mack Sennett aliongoza filamu hiyo na kujipa nafasi ya mpenzi. Mabel Normand amefungwa kwenye reli na Ford Sterling, adui wa hadithi, anamjia na treni aliyoiiba. Oldfield anaitwa, na gari linashindana na treni. Ni dakika chache za raha tupu, na gari likienda sambamba na treni unashika kiti. Lakini Oldfield mwenyewe ni usukani tu. Ungemweka dereva mwingine mwenye ujasiri, filamu isingebadilika isipokuwa jina kwenye bango. Wanaochekesha ni Sterling kwa macho yake na Normand kwa hasira zake. Sennett alinunua jina, akapata na kasi, basi.

Mchekeshaji Buster Keaton alikwenda njia nyingine kabisa kwenye College ya 1927. Mwishoni mwa filamu, kijana aliyeshindwa kila mchezo anakimbia kumwokoa msichana aliyefungiwa chumbani na mpinzani wake, na njiani anafanya kwa usahihi yote aliyoshindwa uwanjani: kukimbia, kuruka viunzi, na mwishowe kuruka kwa upondo kuingia dirishani. Keaton alikuwa akifanya hatari zake mwenyewe karibu zote. Mruko huo wa upondo alimwachia Lee Barnes, aliyekuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924 akiwa na miaka 17, na ambaye mwaka 1928 aliweka rekodi ya dunia ya mita 4.30. Kwa hiyo kwenye filamu ile bingwa wa Olimpiki yupo na wala humjui. Kama kocha nasimama na kupiga makofi, maana mruko ni safi: kuchomeka upondo, miguu kupanda, kugeuka, kupita. Kama mtazamaji wa vichekesho nasikitika kidogo, kwa sababu uso hatuuoni. Katika filamu hiyo hiyo kocha wa besiboli ni Sam Crawford, mkongwe wa timu ya besiboli ya Detroit, na huyo anafanya kazi ndogo kwa utulivu unaostahili sifa.

Sasa turudi kwenye diski, maana ndani yake kuna nyongeza inayokamilisha mjadala huu, tena ni filamu fupi hasa. Bumping into Broadway ya mwaka 1919, ni kazi ya awali ya Lloyd kama yule mhusika wake wa kuvaa miwani, pamoja na waigizaji Bebe Daniels na Snub Pollard. Kijana mwandishi wa tamthilia anampa msichana wa chumba jirani pesa yake ya kodi ili asifukuzwe, kisha yeye mwenyewe anaanza kumkimbia mama mwenye nyumba. Anayemsaidia mama huyo kuwashughulikia wadaiwa ni Noah Young, na Noah Young kabla ya sinema alikuwa bingwa wa kunyanyua vyuma. Mwangalie anavyojaza mlango. Hakuletwa kwa ajili ya jina lake, kwa kuwa watazamaji wengi hawakulijua. Alileta shingo, kifua, na kitu ambacho wanyanyuaji wazuri wote wanacho: anajua kituo cha uzito wake kiko wapi, kwa hiyo akisukumwa anaanguka kwa wakati anaotaka na upande anaotaka. Aliendelea hivyo miaka mingi, mpaka kuwa bondia anayemsambaratisha mchekeshaji Stan Laurel kwenye The Battle of the Century ya 1927. Huyu ndiye mwanamichezo aliyegeuka mchekeshaji kamili. Ruth ni mgeni aliyepokelewa vizuri, lakini Young ni mwenyeji. Kupata wote wawili kwenye diski moja ni bahati, ingawa jalada la nyuma halikusaidii kuligundua hilo.

Nyongeza nyingine inayonifurahisha ni mkusanyiko wa picha za kumbukumbu za Ruth, ukielezwa na David Filipi wa kituo cha sanaa cha Wexner Center. Utamwona Ruth nje ya hadithi yoyote, na hapo utaelewa kwa nini Wilde alimkalisha. Ruth akitembea ni mtu wa ajabu kumtazama: kifua kipana, miguu myembamba chini yake, hatua fupi fupi za haraka anapozunguka besi. Ukimfanya akimbie kwenye kichekesho, watu watayacheka maumbile yake. Ukimkalisha, kinachobaki ni kifua, mikono na ule uso mpana unaosomeka kutoka safu ya mwisho ya ukumbi. Sijui kama waliliona hivyo kwa kutafakari au kwa silika, ila walifanya sawasawa.

Ubora wa picha ni wa juu. Usafishaji umefanywa kwa 4K, yaani kwa picha zenye uwazi mkubwa sana, na kwenye tukio la teksi unaona watu halisi wa New York wakigeuka kando ya barabara. Muziki ni wa Carl Davis wa mwaka 1992, unajua lini unyamaze. Bruce Goldstein ametengeneza makala fupi ya kufuatilia mahali filamu ilipopigwa, nayo ni nzuri. Katika maelezo ya sauti unayoweza kuyasikiliza huku ukitazama filamu, yeye na Scott McGee wanaeleza mengi, ikiwemo ajali ya kweli ya tramu kugonga nguzo, ambayo iliachwa ndani ya filamu na hadithi ikarekebishwa kuizunguka. Video za nyumbani za familia ya Lloyd nilizipita haraka.

Kasoro zipo. Vibao vya maandishi ni Kiingereza, na hakuna manukuu ya lugha nyingine, kwa hiyo ukitazama na watoto au wazee wasiosoma Kiingereza itabidi uwe msomaji wao. Mimi nafanya hivyo na sioni tabu, vibao si vingi, lakini kwa bidhaa ya hadhi hii ningetegemea zaidi. Diski ya Marekani imefungwa kwa eneo A, yaani inasomwa tu na mashine za Blu-ray za eneo hilo la dunia, kwa hiyo hakikisha mashine yako inaisoma kabla ya kulipa. Na lalamiko langu kubwa: kama waliona Ruth anastahili nyongeza yake, wangeweka na Headin' Home nzima. Imeshatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki Marekani, na kuitazama kabla ya Speedy kungemwonyesha mnunuzi safari ya mtu mmoja kutoka kusimama ovyo mpaka kukaa kwa ustadi.

Pia ningependa ujue kwamba Ruth yupo kwa dakika chache tu kati ya 86. Anayenunua akidhani hii ni filamu ya besiboli atajisikia kapunjwa. Sehemu ndefu ya katikati ni Speedy na Jane wakistarehe Coney Island, na hiyo ni filamu nyingine kabisa, yenye kaa mfukoni na mbwa asiyefukuzika. Nzuri, lakini ndefu. Ukiwa na kiu ya besiboli ya kimya, tafuta The Cameraman ya Keaton, ya mwaka huo huo wa 1928, ambamo anaingia Yankee Stadium siku ambayo timu iko safarini St. Louis na kuigiza mchezo peke yake, mara mrushaji, mara mpiga. Tazama tukio hilo mara tu baada ya tukio la teksi. Moja lina bingwa bila mchezo, jingine lina mchezo bila mchezaji hata mmoja, na mtu anayefundisha mwendo wa mwili atapata humo somo la wiki nzima.

Kwa mpangilio, ningekushauri uanze na Bumping into Broadway ili macho yazoee kasi ya filamu fupi, kisha Speedy yote bila kuruka, kisha picha za kumbukumbu za Ruth, halafu urudi kwenye tukio la teksi ukiwa umezima muziki. Ukilitazama bila sauti yoyote utaona vizuri zaidi anavyopumua. Nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu naidai kwa ajili ya Headin' Home.